Wamarekani waliobeba medali za sayansi ya redio: tuangalie walifanya nini na walitoka wapi

MLETA UZI:

Wakuu, habari za muda huu.

Oktoba ikifika jukwaa hili hujaa mijadala ya Nobel, na ni vizuri. Leo naleta tuzo ambazo hazisomwi kwenye taarifa ya habari, ingawa kazi za waliozipokea zimo ndani ya hiyo simu unayosomea uzi huu. Ni tuzo za kimataifa za sayansi ya redio na mawimbi ya sumakuumeme, na nataka tuwatazame Wamarekani waliozipata.

Kwanza msingi. Kuna Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Redio, unaojulikana kwa ufupisho wake wa Kifaransa, URSI. Uliundwa Brussels mwaka 1919 na mpaka leo makao yake yako Ubelgiji. Kila baada ya miaka 3 hufanya mkutano mkuu katika mji tofauti, na hapo ndipo medali hutolewa. Medali hizo zina majina ya wakongwe. Balthasar van der Pol alikuwa Mholanzi aliyefanya kazi Philips. John Howard Dellinger alikuwa Mmarekani, naye mwaka 1935 alieleza jinsi redio za mawimbi mafupi zinavyozimika ghafla upande wa dunia ulioko mchana, akaonyesha kwamba chanzo kiko kwenye jua. Henry Booker alizaliwa Uingereza akahamia Marekani. Ipo pia Tuzo ya Appleton, kwa jina la Mwingereza aliyethibitisha kuwepo kwa ayonosfia, lile tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme ambalo hurudisha mawimbi mafupi ardhini. Kwa vijana ipo medali ya Issac Koga wa Japani.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi. Chukua majina ya Wamarekani kwenye orodha hizi, kisha uliza kila mmoja alizaliwa wapi.

Leopold Felsen, medali ya van der Pol, mwaka 1975, mkutano wa Lima: alizaliwa Munich, akaondoka Ujerumani mwaka 1939 akiwa bado kijana. James Wait, medali hiyo hiyo: Mkanada wa Ottawa aliyehamia Boulder, Colorado. Akira Ishimaru, medali ya Dellinger mwaka 1999, Toronto: mzaliwa wa Fukuoka, Japani, akafundisha maisha yake yote Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Yahya Rahmat-Samii, medali ya Booker mwaka 2005, New Delhi: Tehran. Umran Inan, Tuzo ya Appleton mwaka 2008, Chicago: Uturuki. Nader Engheta, medali ya van der Pol mwaka 2014, Beijing: Tehran tena.

Hawa wote wameandikwa Marekani, na ni haki, kwa sababu maabara, wanafunzi na miaka yao ya kazi vilikuwa huko. Ila mtu akikuambia Wamarekani wana akili ya kuzaliwa ya fizikia, mwonyeshe orodha hii. Kilichopo Marekani ni vyuo vinavyompokea kijana wa Tehran au Fukuoka, vinampa maabara na muda, kisha miaka 30 baadaye vinakwenda naye kupokea medali. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Naendelea post inayofuata na mtu mmoja ambaye kisa chake nakipenda kuliko vyote.

MLETA UZI:

William Gordon. Huyu ni mzaliwa wa New Jersey, alipata medali ya van der Pol mwaka 1966.

Mwaka 1958 Gordon alikuwa Chuo Kikuu cha Cornell. Wakati huo ayonosfia ilikuwa inapimwa kutoka chini: unarusha wimbi, linarudi, unasoma urefu. Tatizo ni kwamba ukivuka sehemu yenye elektroni nyingi zaidi, wimbi lenye masafa ya juu, yaani linalotikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde, linapenya na kwenda zake. Upande wa juu hauuoni. Gordon akasema: hata wimbi linalopenya, kila elektroni moja moja linayoipita inarudisha chembe ndogo mno ya nguvu yake. Ukiwa na mtambo wenye nguvu na dishi kubwa la kutosha, utaikusanya ile chembe na kupima kila kitu, mpaka halijoto ya juu huko.

Akapiga hesabu. Elektroni zikiwa na joto hukimbia kwa kasi kubwa, kwa hiyo aliamini mwangwi utatawanyika kwenye masafa mapana sana na kuwa dhaifu kupindukia. Jibu la hesabu likawa dishi la takribani mita 305. Hakuna mashine ya kuinua kitu hicho, ndiyo maana walitafuta shimo la asili kwenye milima ya chokaa ya Puerto Rico, karibu na Arecibo, wakalitandaza dishi ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1958, Kenneth Bowles alijaribu wazo hilo Illinois kwa antena ndogo zaidi na akapata mwangwi. Ukaonekana mwembamba kuliko alivyotabiri Gordon. Sababu yake ilikuja kueleweka: elektroni hazikimbii peke yake, ioni nzito, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zinazivuta, hivyo nguvu inarudi ikiwa imekusanyika. Maana yake dishi dogo zaidi lingetosha kabisa kwa kazi ya ayonosfia.

Lakini mipango ya dishi kubwa ilisonga mbele. Arecibo ilizinduliwa tarehe 1 Novemba 1963, na ukubwa ule uliozidi mahitaji ndio ulioifanya iwe mali ya wanaastronomia. Mwaka 1965 rada yake ilionyesha kwamba sayari ya Zebaki hujizungusha kwa siku 59 hivi, tofauti na siku 88 zilizokuwa zinafundishwa. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor wakitumia dishi hilo walikuta pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayotuma mapigo ya redio, inayozunguka na mwenzake, na mzunguko wao ukawa unapungua taratibu kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Nobel ya mwaka 1993 ilitokana na hapo. Bila hofu ya Gordon kwamba mwangwi utakuwa hafifu mno, dishi lile lisingekuwepo.

Gordon alifariki mwaka 2010. Dishi lake liliporomoka tarehe 1 Desemba 2020, nyaya zilikatika na jukwaa la tani mamia likaanguka juu yake. Niliitazama ile video na iliniuma kweli.

FUNDI DISHI:

Mkuu, heshima yako. Nimeweka kambi hapa. Hao wawili wa Tehran hujawaeleza. Kazi yao hasa ni nini? Sisi wa mtaani tunahusika vipi?

MLETA UZI:

Fundi, Rahmat-Samii ni mtu wako kabisa, ni mtu wa madishi. Alisoma Chuo Kikuu cha Tehran, akaenda Marekani, akafanya kazi maabara ya JPL inayotengeneza vyombo vya anga, kisha chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles. Kazi yake kubwa ni antena za kuakisi: dishi likiwa limejikunja kidogo, au kichwa chake kimesogea nje ya kitovu, nguvu inapotea wapi na utairudishaje. Kule angani huwezi kupanda ngazi kukaza boliti, lazima hesabu iwe sahihi kabla chombo hakijaruka.

Miaka ya 1990, wakati simu za mkononi zinaanza kusambaa, yeye na wenzake walichunguza antena ya simu inapokuwa karibu na kichwa na mkono wa binadamu. Wakaonyesha ni sehemu kubwa kiasi gani ya nguvu ya antena humezwa na mwili. Leo watengenezaji hawaishii kupima antena ya simu ikiwa peke yake, wanaipima pia pamoja na kielelezo cha kichwa na mkono.

Engheta yeye yuko Pennsylvania. Wazo lake ni la kijasiri: kwenye redio tuna koili, kapasita na rezista, vile vipande vidogo vya kudhibiti umeme. Je, tunaweza kuwa na hizo hizo kwa ajili ya mwanga, vipande vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga lenyewe? Akaonyesha kwa hesabu jinsi punje za metali na vifaa vingine zinavyoweza kutenda kama koili na kapasita kwa mwanga. Mwaka 2020 Taasisi ya Fizikia ya Uingereza ikampa medali ya Isaac Newton.

MKAAZI WA GOMA:

Salamu kutoka Goma. Umemtaja Inan, Mturuki. Nimesikia alichunguza radi. Sisi huku mashariki mwa Congo radi tunaijua, hakuna wiki ya mvua inayopita bila kuua ng'ombe au mtu. Alipata nini?

MLETA UZI:

Ndugu wa Goma, pole kwa hilo. Upande wenu wa Kivu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, satelaiti zimelithibitisha.

Kumwelewa Inan lazima uanze na mwalimu wake pale Stanford, Robert Helliwell, aliyepata Tuzo ya Appleton mwaka 1972. Radi ikipiga, mbali na mwanga na mngurumo, hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, kilohezi chache tu, yaani mitikisiko elfu chache kwa sekunde. Baadhi hupenya ayonosfia, hushika njia ya usumaku wa dunia, hupanda maelfu ya kilomita angani na kushuka kwenye nusu nyingine ya dunia. Njiani masafa ya juu hutangulia na ya chini huchelewa, kwa hiyo ukiunganisha antena na spika unasikia mluzi unaoshuka. Mwingereza Owen Storey alieleza jambo hilo mwaka 1953, na Helliwell akalifanya kazi ya maisha.

Helliwell hakutaka kungoja radi. Alitaka kurusha mwenyewe. Tatizo: wimbi la kilohezi 5 lina urefu wa kilomita 60, antena yake utaijenga wapi? Wakaenda Antaktika, mahali palipoitwa Siple, ambapo barafu ina unene wa kilomita 2 hivi, hivyo antena iliyotandazwa juu yake inakuwa kama imeinuliwa mbali na ardhi. Wakatandaza waya wa kilomita 21, baadaye wakauongeza hadi 42. Wapokeaji walikaa Roberval, Quebec, ng'ambo ya pili ya mstari huo huo wa usumaku. Walirusha mlio kutoka Antaktika, Kanada wakaupokea ukiwa umekuzwa na elektroni zilizonaswa angani. Mimi hapo huwa nasimama kusoma na kutafakari kwanza.

Inan aliendeleza hapo. Alionyesha kwamba mawimbi ya radi huzisukuma elektroni hizo zilizonaswa mpaka zinadondoka kwenye anga letu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walipiga hesabu kwamba mpigo mkali wa radi unaweza kuichoma ayonosfia moja kwa moja, kilomita 90 juu. Baadaye kamera zikaona pete za mwanga zinazotanuka huko juu kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huku kwetu karibu na ikweta ya sumaku ile miluzi ni adimu, kwa kuwa mistari ya usumaku imelala, ila pete hizo hutokea juu ya mawingu ya radi ya ukanda wetu pia.

Inan baadaye alirudi nyumbani kuongoza Chuo Kikuu cha Koç, Istanbul, kuanzia mwaka 2009.

MWALIMU WA FIZIKIA:

Uzi mzuri sana, lakini mleta uzi umechagua majina yanayokubaliana na hoja yako. Gordon ni wa New Jersey. Helliwell pia Mmarekani wa kuzaliwa. Usituache tukiamini Marekani ni uwanja wa wageni tu. Halafu Karl Jansky umemwacha wapi? Yeye ndiye aliyeanzisha astronomia ya redio.

MLETA UZI:

Mwalimu, hoja yako ni nzito na naikubali bila kinyongo. Nikupe wa tatu: Donald Gurnett. Alizaliwa Iowa, akasoma Iowa mpaka udaktari, akafundisha Iowa mpaka uzeeni. Medali ya Dellinger alipewa mwaka 1978, Helsinki, mwaka mmoja tu baada ya chombo cha anga cha Marekani, Voyager 1, kuruka kikiwa na kifaa chake.

Kifaa hicho ni antena mbili za mita 10 zilizotanuka umbo la V, kazi yake kusikiliza mawimbi kwenye plazima, yaani ile gesi yenye chaji iliyojaa kati ya sayari. Sasa sikiliza. Miaka mingi swali lilikuwa: Voyager itatoka lini kwenye eneo linalotawaliwa na upepo wa jua? Ndani plazima ni haba, nje ni nzito zaidi. Ungepima msongamano ungejua. Lakini kipimo cha plazima cha Voyager 1 kilikuwa kimekufa tangu mwaka 1980. Gurnett alikuwa na antena tu. Aprili na Mei 2013 mlipuko wa jua ulioruka miezi mingi kabla ukaifikia Voyager na kuitikisa plazima iliyoizunguka. Antena ikasikia mtikisiko kwenye kilohezi 2.6 hivi. Plazima hutikisika kwa masafa yanayotegemea idadi ya elektroni, kwa hiyo masafa hayo yanakupa jibu: elektroni 0.08 kwa kila sentimita moja ya ujazo, takribani mara 40 ya iliyokuwa ndani. Wakarudi nyuma kwenye kumbukumbu, wakapata tarehe ya kuvuka: 25 Agosti 2012. Chombo cha kwanza cha binadamu kutoka nje, na aliyethibitisha alikuwa mzee wa Iowa aliyepewa medali miaka 35 kabla.

Kuhusu Jansky: mwaka 1932 na 1933 pale Holmdel, New Jersey, akiwa maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alikuwa anatafuta chanzo cha kelele kwenye simu za redio za kuvuka bahari. Antena yake ilizunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford, masafa megahezi 20.5. Kelele moja ilikuwa inarudi kila saa 23 na dakika 56, muda ambao dunia hujizungusha ukiipima kwa nyota badala ya jua. Ilitoka katikati ya Njia Nyeupe, kundi letu la nyota. Alifariki mwaka 1950 akiwa na miaka 44. Nobel hakupata. Kizio cha kupimia nguvu ya mawimbi kutoka angani ndicho kilichopewa jina lake mwaka 1973. Kwangu mimi hilo halimfidii. Aliyemfuata, Grote Reber, alijenga dishi lake nyuma ya nyumba mwaka 1937 kwa fedha zake, na alau yeye aliishi hadi kupewa medali ya Bruce mwaka 1962.

Nobel ya kelele ilikwenda mwaka 1978 kwa Arno Penzias na Robert Wilson, hapo hapo Holmdel, waliposikia mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Penzias, kama Felsen, ni mtoto wa Munich aliyeondoka mwaka 1939. Na mkutano ambao Gordon alipewa medali yake mwaka 1966 ulifanyika Munich. Wale watoto wawili wa mji huo walikuwa wakati huo wanafizikia wa Marekani.

MPIMA ARDHI:

Naomba kuuliza la kikazi. Mimi ni mpima viwanja. Miezi ya Machi na Septemba, jua likishazama, GPS yangu ya kupimia inayumba, inapoteza satelaiti hata kukiwa hakuna wingu. Wenzangu wanasema ni kifaa kibovu. Fundi Dishi yeye anasema hata king'amuzi husumbua jioni. Ni kitu kimoja?

MLETA UZI:

Si kitu kimoja, na swali lako linanipa nafasi ya kumleta Donald Farley wa Cornell, Tuzo ya Appleton mwaka 1996, Lille.

King'amuzi cha dishi hutumia masafa ya gigahezi 11 au 12. Hayo ayonosfia haiyagusi, adui yake ni mvua, au dishi lililosogea. GPS iko kwenye gigahezi 1.5, na hiyo inaguswa. Ikweta ya sumaku kwenye bara letu inapita juu ya Ethiopia, na Kenya na Tanzania ziko kusini yake tu. Jua likizama, sehemu ya chini ya ayonosfia hufifia haraka huku ya juu ikibaki nzito. Nzito juu ya nyepesi haikai, mapovu ya plazima nyepesi yanapanda mamia ya kilomita, na kingo zake zilizochanikachanika huyumbisha mawimbi ya satelaiti. Huwa kali zaidi majira ya Machi na Septemba, na zaidi jua likiwa kwenye miaka yake ya shughuli nyingi. Kifaa chako kinaweza kuwa kizima kabisa. Pima asubuhi, ama subiri baada ya usiku wa manane.

Farley na wenzake waliyasoma haya kwa rada ya Jicamarca karibu na Lima, antena 18,432 zilizotandazwa bondeni kwenye eneo la takribani mita 300 kwa 300, masafa megahezi 50. Mwaka 1963 alikuwa tayari ameeleza kwa nini mkondo wa umeme unaotiririka juu ya ikweta ya sumaku hujivuruga wenyewe. Mmarekani, rada iko Peru, na jibu linamfaa mpima viwanja wa kwetu.

BINTI ZIWA:

Nasoma uhandisi wa mawasiliano mwaka wa tatu. Nani anapendekeza majina ya hizi medali? Na sisi tunaingilia wapi?

MLETA UZI:

Dada, mapendekezo ya medali hupitia kamati za kitaifa na kamisheni za URSI. Kamisheni ziko 10, kutoka A hadi K, herufi I imerukwa. Vipimo, nyuga na mawimbi, mawasiliano, ayonosfia, astronomia ya redio, hadi mawimbi kwenye tiba. Kamati ya Marekani iko chini ya Akademia zao za Taifa, inafanya mikutano kila mwaka, inawafahamu watu wake kwa majina na inaandika mapendekezo mapema. Afrika Kusini, Misri na Nigeria nazo zina kamati. Nchi isiyo na watu wa kuandika mapendekezo, hata iwe na mtafiti hodari, jina lake halifiki mezani.

Kwa umri wako angalia tuzo ya wanasayansi vijana ya URSI, kwa walio chini ya miaka 35. Unatuma karatasi yako ya utafiti kwa mkutano mkuu, ukichaguliwa wanakusaidia gharama za kuhudhuria, na waombaji kutoka nchi zinazoendelea wanafikiriwa kwa namna ya pekee. Mkutano wa mwaka 2026 ni Kraków, Poland. Ongea na msimamizi wako muhula huu, chagua kamisheni moja, na kama unaweza chukua G, ya ayonosfia. Data ya GPS za wapimaji wetu ikikusanywa usiku wa Machi ni karatasi tosha.